Barua ya wazi kuhusu posho ya kukaimu: sahihi yangu ilipokelewa, madai yangu yakakataliwa

Kwa Katibu Mkuu, Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, Dodoma;
Kwa Makatibu Tawala wa Mikoa ya Arusha na Kilimanjaro;
Kwa Wakurugenzi wa Halmashauri zote za mikoa hiyo miwili.

Yah: MALIPO YA WATUMISHI WA KADA ZA CHINI WANAOSHIKILIA NAFASI ZA JUU BILA BARUA

Husika na somo hapo juu.

Mimi ni mtunza kumbukumbu katika ofisi ya umma mkoani Arusha, na mwaka huu natimiza miaka 19 nikiwa mtumishi wa masjala, yaani kitengo cha barua na majalada. Ofisi yangu siitaji jina, kwa kuwa sikukusudia kumshitaki mtu mmoja. Nimeongea na wenzangu wa Moshi, Same na Karatu, makarani, makatibu muhtasi na wahasibu wasaidizi, nao wanaeleza jambo lile lile karibu kwa maneno yale yale. Nafasi ya juu inabaki wazi, mtumishi wa chini anaambiwa ashikilie kwa muda, muda unageuka miaka, na siku anapouliza malipo yake anaulizwa barua ya kukaimu, yaani ya kushika rasmi nafasi hiyo kwa muda, iko wapi. Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani nimezipita zote, kuanzia dokezo kwa mkuu wangu wa idara hadi barua kwa mwajiri kupitia kila ngazi, na kwa sababu naamini kwamba jambo hili linarekebishika bila kutunga sheria mpya hata moja.

Siku mkuu wangu wa masjala alipostaafu kwa kutimiza miaka 60, tulifanya makabidhiano saa nane mchana kwenye meza ya kupokelea barua. Alinikabidhi funguo mbili, mmoja wa kabati la majalada ya siri na mwingine wa chumba cha majalada yaliyofungwa; akanikabidhi rejista ya barua zinazoingia, rejista ya barua zinazotoka, kitabu cha kupelekea barua, na muhuri wa tarehe ambao gurudumu lake la mwezi lilikuwa limekwama, kila mwezi mpya ukiingia ilibidi kulisukuma kwa ncha ya kalamu. Tuliandika orodha kwa mkono, yeye akasaini upande wa "aliyekabidhi", mimi nikasaini upande wa "aliyekabidhiwa", na afisa utumishi akasaini kama shahidi. Nikamuuliza afisa utumishi kuhusu barua yangu ya kukaimu. Akanijibu kwa upole, na sina sababu ya kudhani kuwa alinidanganya: "Dada, wewe shikilia kwa sasa, barua yako itafuata." Nilishikilia miezi 28. Barua haikufuata.

Naomba mnivumilie nieleze kazi hiyo ilivyokuwa, maana walio juu mara nyingi huiona masjala kama chumba cha makaratasi. Mtunza kumbukumbu wa ngazi yangu hupokea barua, huisajili, huitafutia jalada lake na kulipeleka kwa mhusika. Mkuu wa masjala anafanya zaidi ya hapo: anafungua barua za siri, anaamua jalada jipya lifunguliwe chini ya namba gani, anaamua nani aruhusiwe kuondoka na jalada na nani asomee hapo hapo, anafuatilia majalada yaliyokaa muda mrefu kwenye meza za wakubwa, na anatia sahihi pale kumbukumbu za mtumishi zinapohamia kwa mwajiri mwingine. Mwalimu aliyefundisha kwa zaidi ya miaka 30 akija kufuatilia mafao yake, akakuta barua yake ya kuthibitishwa kazini haimo kwenye jalada, anayelala macho akiitafuta ni mkuu wa masjala. Nimewahi kukaa hadi saa mbili usiku nikipekua majalada ya miaka ya nyuma kwa ajili ya mama mmoja wa namna hiyo, na barua yake tukaipata imebandikwa ndani ya jalada la mtu mwingine mwenye jina la ukoo kama lake. Hiyo ndiyo kazi, nami sikuwahi kuikimbia.

Katika mwezi wa kumi na tisa wa kushikilia, jalada moja la siri halikuonekana. Siku ya pili yake nikapokea barua inayonitaka nitoe maelezo kwa maandishi kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu kwa uzembe. Barua hiyo ilielekezwa kwa jina langu, na chini ya jina pameandikwa kwa herufi kubwa: KAIMU MKUU WA MASJALA. Nilitoa maelezo yangu, na baada ya siku nne jalada likapatikana ndani ya droo ya ofisa aliyekuwa amelichukua bila kusaini rejista, shauri likafungwa. Nikadhani kwamba angalau cheo changu sasa kinajulikana. Miezi tisa baadaye, mkuu mpya alipokuwa njiani kuripoti, niliandika kuomba posho ya kukaimu kwa muda wote niliotumikia nafasi ile. Jibu lilikuja kwa aya moja, kwamba madai hayakubaliki kwa kuwa hakuna barua ya kukaimu katika jalada langu binafsi. Jalada hilo ni miongoni mwa yale niliyokuwa nikiyatunza mwenyewe, kwa hiyo nilijua kabla ya mtu mwingine yeyote kwamba barua haimo. Kilichoniumiza ni kwamba katika jalada hilo hilo, folio (kurasa zenye namba) chache nyuma, ipo barua ya mwajiri wangu inayoniita Kaimu.

Ndugu viongozi, hapo ndipo penye shina la malalamiko yetu. Ofisi zetu zina maneno mawili kwa kazi moja. Kuna "kukaimu", ambalo lina barua, lina tarehe ya kuanza na lina malipo. Na kuna "kushikilia", ambalo lina funguo, lina lawama na halina kingine. Mtumishi hachagui lipi litumike kwake. Anayechagua ni yule yule ambaye, akiandika barua, ofisi yake itabeba deni, na asipoandika kazi itaendelea vile vile bila deni. Sidhani kama wakuu wetu wote ni watu wa hila. Nadhani tu kwamba mtu yeyote akiwekwa mahali ambapo kutokuandika karatasi moja kunamwokolea fedha kila mwezi, karatasi ile itachelewa.

Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 hazikuliacha jambo hili hewani. Kanuni D.24 inatambua kukaimu na inataka mtumishi asikaimu nafasi iliyo wazi kwa zaidi ya miezi sita, ili ndani ya muda huo taratibu za kumpata mwenye nafasi ziwe zimekamilika. Aliyekaimishwa rasmi hulipwa posho ambayo msingi wake ni tofauti kati ya mshahara wake mwenyewe na mshahara wa nafasi anayoikaimu. Juu ya kanuni hizo ipo Katiba ya mwaka 1977, ambayo katika Ibara ya 23 inampa kila mtu haki ya kupata ujira unaolingana na kazi yake bila ubaguzi, na inasema kwamba kila anayefanya kazi anastahili malipo ya haki. Ibara hiyo inaangalia kazi. Haikutaja barua.

Nasi wa Arusha tuna ushahidi mwingine ulio karibu zaidi. Daladala ninayopanda asubuhi inapita karibu na mnara wa Azimio la Arusha pale Kaloleni. Miongoni mwa imani za TANU zilizoandikwa mwanzoni mwa Azimio hilo la mwaka 1967, mojawapo ni kwamba kila mtu ana haki ya kupata malipo ya haki kutokana na kazi yake. Nimeupita mnara ule kwa miaka mingi bila kuufikiria, lakini tangu madai yangu yakataliwe siwezi kuupita bila kuikumbuka imani hiyo, na naona uchungu kwamba jambo lililokuwa msingi wa Taifa katika mji huu lishindikane katika ofisi za mji huu huu.

Niwape hesabu ya mfano ili jambo lionekane kwa fedha. Tuseme mshahara wa karani ni shilingi 600,000 kwa mwezi, na wa nafasi anayoishikilia ni shilingi 900,000. Tofauti ni shilingi 300,000 kwa mwezi, na kwa miezi 28 ni shilingi 8,400,000 kabla ya makato. Kwa halmashauri kiasi hicho ni mstari mmoja katika kitabu cha bajeti. Kwa mtunza kumbukumbu mwenye watoto watatu, mmoja akiwa chuoni, ni ada ambayo mimi binafsi niliikopa kwa riba, nikaendelea kuirejesha kila mwezi huku nikiingia ofisini mapema kuliko wote kwa sababu funguo nilikuwa nazo mimi.

Najua nafasi hizi zimekuwa wazi kwa sababu gani, na haki inanitaka niseme. Mwaka 2016 upandishaji wa vyeo ulisimamishwa ili kupisha uhakiki wa watumishi, na mwezi wa Aprili 2017 taarifa ya uhakiki wa vyeti ikaonyesha watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Uhakiki ule ulikuwa na sababu zake na siupingi. Lakini viti vilibaki, na kazi za viti vile zilifanywa na waliokuwa jirani navyo. Tangu wakati huo vyeo vimepanda, ajira zimetoka, na mishahara imeongezwa: kima cha chini cha utumishi wa umma kilitoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, nasi tulifurahi na tunashukuru. Tabia ya kushikilia, hata hivyo, ilizoeleka katika miaka ile ya upungufu, na imebaki hata pale ambapo upungufu ulikuwa unaonekana tangu mbali. Kustaafu kwa mkuu wangu hakukuwa ajali. Tarehe yake ya kuzaliwa iko kwenye mfumo wa taarifa za kiutumishi na mishahara, na barua ya kumkumbusha kustaafu kwake niliisajili mimi kwa mkono wangu miezi kadhaa kabla. Ofisi ilijua ni lini kiti kitakuwa wazi, lakini haikujiandaa.

Ndugu Wakurugenzi wana hoja zao, nami nimezisikia zikitolewa na watu wema. Wanasema fungu la mishahara linatoka Hazina kwa majina na ngazi zilizopo kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi zilizoidhinishwa, kwa hiyo posho ya kukaimu inabidi itafutwe kwenye matumizi mengineyo au mapato ya ndani, ambako kuna mafuta ya gari, posho za vikao vya madiwani na madeni ya wazabuni. Wanasema pia kwamba kwa nafasi za wakuu wa idara na vitengo kibali cha kukaimu lazima kiombwe Dodoma, na kibali kinachukua muda. Hoja hizo ni za kweli, lakini zote zinaeleza kwa nini mwajiri anapata shida kulipa. Hakuna hata moja inayoeleza kwa nini shida hiyo ibebwe na karani.

Hoja nzito zaidi ni ya sifa. Naambiwa kwamba Muundo wa Maendeleo ya Utumishi wa kada yangu unataka elimu ambayo mimi sijaifikia ili niwe mkuu wa masjala, kwa hiyo hata ningepewa barua ingekuwa kinyume cha taratibu. Nimelifikiria hili kwa muda mrefu, kwa sababu sitaki kudai kisicho changu. Ikiwa sina sifa, basi nisingekabidhiwa ufunguo wa kabati la siri hata kwa siku moja. Angetafutwa mwenye sifa kutoka idara nyingine au halmashauri jirani, hata kwa kuazimwa. Mwajiri hawezi kuniona nina sifa za kubeba dhamana ya majalada ya siri na kujibu tuhuma za kinidhamu kwa cheo hicho, kisha aseme sina sifa mkono wangu ukinyooshwa kupokea malipo ya dhamana ile ile. Kama kuna woga wa kumlipa asiye na sifa tofauti yote ya mshahara, iwekwe sehemu ya tofauti hiyo na ijulikane kabla hajaanza kazi. Kinachokataliwa na kila mwenye haki ni sifuri.

Wengine hutufariji kwa kusema kwamba kushikilia ni nafasi ya kuonekana, na kwamba atakayeonekana atapandishwa. Mzee mmoja wa uhasibu, ambaye tulifanya naye kazi jengo moja, alishikilia nafasi ya juu yake kwa zaidi ya miaka minne akitumaini hivyo, akafikia miaka 60 akiwa bado anashikilia. Mafao ya PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, hukokotolewa kutokana na mshahara, wala si kutokana na kazi uliyokuwa unaisaidia. Aliondoka na pensheni ya cheo chake cha zamani, na kila mwezi hadi atakapofariki ataendelea kulipwa kana kwamba miaka ile minne hakuwahi kukalia kiti kile. Mimi nina madai ya miezi 28 tu. Yake ni ya maisha.

Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali amekuwa akiwataja katika taarifa zake watumishi wanaokaimu kupita miezi sita, na tunamshukuru. Lakini mkaguzi anaanzia kwenye karatasi, na karatasi zinaonyesha wenye barua. Sisi tunaoshikilia hatumo hata katika hoja za ukaguzi, kwa hiyo hakuna anayeulizwa kwa niaba yetu. Ofisi inayovunja kanuni kwa kuandika barua na kupitisha miezi sita inaonekana kwa mkaguzi, na ile isiyoandika barua kabisa inaonekana safi.

Sizungumzii kumshikia mwenzako dawati akienda likizo yake ya siku 28, au dada yetu akiwa kwenye siku 84 za uzazi. Hayo ni ya kuchukuliana na hakuna karani ninayemfahamu anayeyadai fedha. Nazungumzia kiti kisicho na mwenyewe.

Ninachoomba kwa Katibu Mkuu ni waraka mfupi utakaosema kwamba makabidhiano ya ofisi yoyote iliyo wazi hayatakamilika mpaka barua ya anayepokea iwe imesainiwa, na kwamba afisa utumishi atakayesaini makabidhiano bila barua hiyo atajibu yeye. Agizo hilo halina gharama. Linahamisha tu mzigo wa kuuliza kutoka kwa karani, ambaye hana nguvu, kwenda kwa aliyeshika kalamu. Waraka huo huo ueleze kwamba tangu tarehe ya barua, posho iingizwe kwenye mfumo wa mishahara na itoke pamoja na mshahara wa mwezi, badala ya kuachwa igeuke malimbikizo ambayo mtumishi atayadai kwa miaka akiwa na bahasha ya vielelezo kwapani. Mfumo ukifika mwezi wa sita bila mwenye nafasi kupatikana, uonyeshe jina la kiti hicho Dodoma bila kusubiri mtu aulize.

Kwa Wakurugenzi na Makatibu Tawala ombi langu linahusu yaliyokwisha kupita. Wengi wetu hatuna barua, na hatutaipata ya tarehe ya nyuma wala hatuiombi, kwa kuwa kuandika barua leo na kuipa tarehe ya juzi ni kughushi. Ila kazi yetu imeacha alama kila mahali: orodha za makabidhiano zenye sahihi tatu, rejista zenye mwandiko wetu, barua zilizotoka zikiwa na "Kny." (kwa niaba ya) na sahihi zetu, majukumu tuliyoyajaza kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, na wasimamizi wetu wakayaridhia. Naomba kila halmashauri iunde timu ndogo, akiwemo mkaguzi wa ndani na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, ipokee vielelezo hivyo na ivipime kwa haki. Mwenye madai ya uongo akataliwe. Mwenye ukweli aandikwe kwenye madeni ya watumishi na alipwe kwa zamu kama wengine, hata ikichukua miaka miwili ya fedha. Nimeshazoea kusubiri, ila nasubiri vizuri zaidi nikijua jina langu liko kwenye orodha.

Mkuu mpya wa masjala alishapokelewa, ni kijana mwenye shahada na adabu zake, nami namfundisha majalada ya zamani yalivyopangwa kwa sababu hayajaingizwa kwenye kompyuta. Siku ya kumkabidhi tuliandika orodha nyingine: funguo mbili, rejista, kitabu cha kupelekea barua, na muhuri wa tarehe, safari hii ukiwa mpya. Chini ya jina langu, upande wa "aliyekabidhi", afisa utumishi mwenyewe alinitaka niandike cheo nilichokabidhi nacho. Nikaandika Kaimu Mkuu wa Masjala, naye akasaini pembeni yangu bila kupinga. Nakala ya orodha hiyo, pamoja na ile ya kwanza na barua ya kunitaka nijieleze, nimeziambatisha kwenye rufaa ya madai yangu ambayo nimeiwasilisha upya mwezi uliopita.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Mtunza Kumbukumbu,
Arusha